Madaktari bingwa wa upasuaji wakihamishiwa wodini wakati wa janga: wafanye kazi gani, na chini ya nani?

Karani wa Tudor

Assalaam aleikum ndugu zangu, na salamu kwa nyote mnaofanya kazi katika hospitali za hapa Mombasa na Pwani kwa jumla. Mimi si daktari. Ni karani wa utawala katika hospitali moja ya hapa mjini, na nimepewa jukumu la kuandika upya mpango wetu wa dharura, yaani waraka unaoeleza tutakavyojipanga iwapo litazuka tena janga la maradhi ya kuambukiza kama lile la korona lililotufikia Machi 2020. Mpango wa zamani uliandikwa kwa pupa wakati uleule wa janga, na kifungu kimoja ndani yake kimeishughulisha kamati yetu kwa vikao viwili bila ya kuafikiana.

Kifungu hicho kinasema kwamba vitanda vya wagonjwa wa mapafu vitakapojaa, upasuaji wote usio wa dharura utasimamishwa, na madaktari bingwa wa upasuaji "watapelekwa wodini kuhudumia wagonjwa". Kimeishia hapo. Mjumbe mmoja anashikilia kwamba daktari ni daktari, kwa kuwa hata bingwa wa upasuaji alianza kwa kusomea udaktari wa jumla miaka sita na kufanya kazi mwaka mzima chini ya usimamizi kabla ya kuchagua fani yake, hivyo hawezi kushindwa na wodi. Mwenzake anajibu kwamba kumchukua bingwa wa mifupa ambaye hajamwandikia mgonjwa dawa ya pumu kwa miaka 15, ukamkabidhi wodi nzima ya watu wanaohema kwa shida, ni kuwahatarisha wagonjwa na kumvunjia heshima daktari mwenyewe. Nami mwenye kalamu nimekwama kati yao.

Naomba kusikia kutoka kwa waliohamishwa kweli, na pia kutoka kwa waliowapokea. Walifanya kazi gani iliyofaa, na ni nani aliyekuwa akitoa uamuzi wa mwisho? Tena kuna jambo linalonikosesha usingizi zaidi ya hayo: daktari huyo akikosea katika kazi asiyoizoea, nani atabeba lawama?

Daktari wa Mifupa

Waaleikum salaam, ndugu karani. Nilihamishwa mwaka 2020, kwa hivyo nitakueleza niliyoyaona, na hospitali yenyewe sitaitaja.

Kwanza tuelewe wazo hili lilivyoanza kutekelezwa kwa wenzetu. Nchini Uingereza, barua ya Machi 17, 2020 iliziagiza hospitali za umma ziahirishe upasuaji wote usio wa haraka ifikapo Aprili 15, kwa muda usiopungua miezi mitatu, ili, pamoja na hatua nyingine, vipatikane vitanda 30,000. Thieta zilipofungwa, madaktari waliokuwa wakizitumia wakabaki bila kazi huku wodi za jirani zikizidiwa, na katika miji kama London na New York mabingwa wa mifupa, wa koo na wa mishipa wakajikuta wakisimama kando ya vitanda vya wagonjwa wa mapafu. Hapa kwetu hali haikuwa ya kasi ile katika miezi ya mwanzo, lakini mpango ulikuwa uleule. Mombasa ilifungwa, watu wasiingie wala wasitoke, kuanzia Aprili 8 hadi Julai 7, orodha yangu ya upasuaji ikapunguzwa hadi ikabaki na walioumia barabarani tu, nami nikapangiwa zamu za usiku katika wodi ya kuwatenga wagonjwa.

Usiku wa kwanza nilipita kitanda baada ya kitanda kama nifanyavyo kwa wagonjwa wangu wa mifupa: namtazama usoni, namuuliza maumivu yako wapi, naangalia bendeji, naendelea. Kitanda cha nne alikuwapo mzee mmoja mfanyabiashara, ameketi wima, anazungumza kwa utulivu, akaniuliza hata habari za feri. Nikamwona mzima, nikapiga hatua kwenda kitanda cha tano. Muuguzi akanishika mkono wa joho, akasema, "Daktari, kidole chake kinasoma 78." Nikarudi. Kile kifaa kidogo cha kidoleni kilikuwa kikionyesha oksijeni ya asilimia 78, ilhali mtu mzima mwenye afya hufika 95 na kuendelea. Ugonjwa ule ulikuwa na tabia hiyo, oksijeni inashuka mgonjwa bado akiongea vizuri, na macho yangu yaliyozoea kutafuta mfupa uliopinda hayakuiona hatari iliyokuwa mbele yake. Tangu usiku ule nilikubali moyoni kwamba ubingwa wangu nimeuacha thieta, na kwamba wodini mimi ni msaidizi mwenye miaka mingi ya kusoma.

Kosa langu jingine lilikuja baadaye. Juni 2020 matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza yalionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayopatikana kila mahali, hupunguza vifo kwa thuluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na kwa humusi moja kwa wanaopewa oksijeni pekee. Kipimo chake ni miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi kumi. Niliiandika sawasawa. Nilichosahau ni kuagiza sukari ya mgonjwa ipimwe mara kwa mara, na dawa hiyo hupandisha sukari. Afisa wa kliniki kijana, ambaye kwa cheo angeitwa mdogo wangu, ndiye aliyepima kwa hiari yake akakuta 26, yaani imepanda mno. Alinieleza kwa adabu, nami nilimshukuru mbele ya wote ili siku nyingine asisite.

Sasa nije kwenye yale tuliyofanya vizuri, maana yapo, na kamati yako iyajue. Mgonjwa aliye mahututi kwenye mashine hufaidika akilazwa kifudifudi kwa saa nyingi. Utafiti uliofanyika zaidi nchini Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wenye mapafu yaliyoharibika vibaya, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 16 kwa waliogeuzwa na karibu asilimia 33 kwa walioachwa chali, na kila mara waligeuzwa kwa saa 16 au zaidi. Kumgeuza mtu mzima aliyelala usingizi wa dawa, mwenye mpira kooni na mirija shingoni na mkononi, kunataka watu watano au zaidi wanaosikilizana kwa sauti moja. Hiyo ni kazi yetu ya kila wiki. Upasuaji mwingi wa uti wa mgongo huanza kwa kumgeuza hivyo mgonjwa wa nusukaputi. Sisi wa mifupa pamoja na wahudumu wa thieta tulikuwa kikosi tayari, na tulichohitaji ni kuitwa tu. Kadhalika kuweka mpira wa kifuani hewa inapovuja, kutafuta mshipa kwa mgonjwa ambaye mishipa imejificha, kufunga vidonda vya mgongoni, kupiga simu kwa jamaa kila jioni. Hiyo ya simu isidharauliwe: wakati Mji wa Kale ulipofungwa Mei mwaka ule, familia zilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu na bado hazikuweza kumwona mgonjwa wao, na sauti ya daktari mwenye muda wa kueleza ilikuwa ndiyo mlango pekee.

Kwa hivyo wajumbe wako wote wawili wamegusa nusu ya ukweli. Mhamisheni daktari wa upasuaji, lakini apewe kazi inayolingana na mikono yake, na wodi ibaki chini ya daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au wa nusukaputi, hata akiwa kijana kuliko aliyehamishwa.

Sista wa Zamu ya Usiku

Daktari amesema kweli, na nashukuru kwamba ameisema hadharani. Mimi ni muuguzi wa wodi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimewapokea madaktari wa upasuaji wa kila tabia.

Ndugu karani, ninavyoona mimi, tatizo halikuwa elimu. Lilikuwa mazoea. Katika thieta daktari wa upasuaji hunyoosha mkono akawekewa kifaa kabla hajamaliza kukitaja, na jambo alilolianza hulimaliza kwa saa mbili au tatu. Wodini mgonjwa hubadilika polepole, leo hivi, usiku wa manane vile, na kazi kubwa ni kurudi na kurudi tena kwenye kitanda kilekile. Baadhi yao walitaka kufanya jambo kubwa mara moja ili shida iishe. Kulikuwa na mmoja, mtu mwema sana, ambaye usiku mmoja alipandisha oksijeni ya wagonjwa wote hadi lita 15 kwa dakika, akiamini kwamba anawakinga. Hakujua hesabu ya mitungi. Mtungi mkubwa tuliokuwa tukiutumia hubeba takriban lita 6,800, na kwa lita 15 kwa dakika humalizika baada ya saa saba na nusu, wakati mgonjwa anayetosheka na lita 4 kwa mipira ya puani huutumia zaidi ya saa 28. Kufikia saa kumi alfajiri tulibakiwa na mitungi miwili iliyojaa na gari la kuleta mingine lilikuwa halijafika. Tulizunguka na tochi tukisoma geji moja moja, tukipunguza kwa kila aliyeweza kupunguziwa, na daktari yule mwenyewe alisukuma mitungi kwa mikono yake mpaka jasho likajaa ndani ya miwani. Hakuna aliyepoteza maisha usiku ule. Lakini ningependa kila anayehamishwa afundishwe hesabu hiyo kabla ya kufundishwa kitu kingine chochote, aambiwe kiwango cha oksijeni tunachokilenga, na aoneshwe palipo na ufunguo wa mitungi.

Jambo la pili ni mavazi ya kujikinga. Watu hudhani daktari wa upasuaji hana la kujifunza hapo kwa sababu huvaa joho na glavu kila siku. Thieta anavaa ili asimwambukize mgonjwa, kwa hivyo uangalifu wake wote uko kwenye kuvaa, na akimaliza kazi hulivua joho harakaharaka na kulitupa. Katika wodi ya kutenga mambo yamegeuka: hatari iko kwenye kuvua, maana nje ya joho ndiko kwenye uchafu. Niliwasimamisha madaktari wakubwa kwa wadogo mbele ya kioo, wavue hatua kwa hatua huku nikiwasomea, na aliyekasirika alikasirika. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, Sierra Leone ilimpoteza daktari wa upasuaji Martin Salia, Novemba 2014. Maradhi hayamjui bingwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kifungu chako kiseme nani asihamishwe. Madaktari bingwa wengi wana umri mkubwa, na baadhi yao wana kisukari au shinikizo la damu kama watu wengine. Hao wapewe simu za familia, kliniki za kwa njia ya simu na kupanga orodha, wasiingizwe ndani.

Binti wa Likoni

Nimesoma majibu kwa heshima kubwa, na nawashukuru Daktari na Sista kwa kazi mliyoifanya. Naomba mnivumilie nilete upande wa sisi tuliokuwa tukisubiri.

Baba yetu alikuwa na ngiri. Alikuwa ameshapewa tarehe ya kupasuliwa katika hospitali ambayo sitaitaja, mwishoni mwa Aprili 2020. Tukapigiwa simu kwamba upasuaji wake si wa dharura, umeahirishwa, tutaarifiwa. Hatukubisha, kwani kila mtu alikuwa akiogopa. Wiki ya tano baadaye, baada ya swala ya isha, ngiri ilimtoka na haikurudi. Alianza kutapika, tumbo likawa gumu kama ubao. Kafyu ilikuwa imeshaanza, mtaani hakuna tuktuk, na sisi tuko ng'ambo ya kivuko. Jirani mmoja alituvusha kwa gari lake baada ya kusimamishwa na askari na kueleza mara mbili. Tulipofika tuliambiwa daktari wa upasuaji wa zamu amewekwa karantini kwa sababu alikuwa akihudumu katika wodi ya kutenga na mwenzake ameambukizwa. Aliyefuata aliitwa kutoka nyumbani kwake. Baba alipasuliwa kukaribia alfajiri, na kipande cha utumbo kilichokuwa kimekufa kikakatwa. Alipona, Alhamdulillahi, yuko nami hadi leo, lakini ile ngiri ya saa moja ya upasuaji ilimgharimu siku 19 kitandani.

Sisemi madaktari wasihamishwe. Nasema kwamba maneno "si wa dharura" yalitumika kwetu kana kwamba maana yake ni "hauhitajiki". Ndugu karani, unapoandika kifungu chako, andika pia nani anabaki.

Daktari wa Mifupa

Dada yangu, pole sana, na mpe mzee salamu zangu. Hoja yako ndiyo niliyoiacha, na haikupaswa kuachwa.

Kundi la kimataifa la watafiti wa upasuaji lilikadiria mwaka 2020 kwamba upasuaji milioni 28.4 ungefutwa au kuahirishwa duniani katika majuma 12 tu ya kilele cha janga. Wengi katika hao ni watu wenye ngiri kama ya baba yako, mawe ya nyongo, nyonga zilizochakaa, na pia uvimbe wa saratani ambao hausubiri. Hata hivyo kuna upande wa pili ambao ni haki uujue: kundi hilohilo liliwafuatilia wagonjwa 1,128 waliofanyiwa upasuaji wakiwa na virusi vya korona, katika hospitali 235 za nchi 24, na karibu robo yao, asilimia 23.8, walifariki ndani ya siku 30. Kwa hivyo kuahirisha hakukuwa kwa ajili ya vitanda peke yake. Kumpasua mtu aliyeambukizwa bila kujua kulikuwa hatari ya kweli, na katika wiki zile vipimo vilikuwa haba na majibu yake yalichelewa.

Pale tulipokosea, kwa maoni yangu, ni kuwachanganya watu. Daktari yuleyule alikuwa wodi ya kutenga Jumatatu na zamu ya thieta Jumatano, hivyo akiambukizwa mmoja thieta nayo inatikisika, na ndivyo ilivyomfika baba yako. Madaktari wagawanywe makundi mawili yasiyokutana, kundi moja lisiguse wodi ya kutenga kabisa kwa majuma mawili au matatu, kisha wabadilishane baada ya kupimwa. Na orodha ya waliosubiri isifungwe kabatini: kila wiki daktari mmoja aipitie jina kwa jina, awapigie simu, aulize kama ngiri imeanza kuuma, kama uzito unashuka, kama damu inatoka. Mgonjwa huweza kuwa si wa dharura Aprili na akawa wa dharura Mei.

Mshauri wa Bima, Nyali

Nitajibu swali la lawama kwa ufupi, kwani halijaguswa. Uingereza ililitatua kwa sheria: kifungu cha 11 cha sheria yao ya korona ya mwaka 2020 kiliiwezesha serikali kubeba gharama za madai ya uzembe kwa huduma zilizotolewa kwa sababu ya janga pale ambapo bima nyingine haikutosha. Usidhani kinga hiyo inatufuata hapa. Kwetu, tangu afya ilipogatuliwa chini ya katiba ya 2010, daktari wa hospitali ya umma huenda ameajiriwa na kaunti, mwenzake analipwa na chuo, na wa tatu ni wa kujitegemea anayekuja siku mbili kwa wiki, na bima ya kitaaluma ya huyo wa tatu aghalabu hutaja fani yake kwa jina.

Kwa hivyo kila anayehamishwa apewe barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi alizoruhusiwa na asizoruhusiwa, na jina la msimamizi wake, halafu nakala ipelekwe kwa mwajiri na kwa kampuni ya bima kabla hajaingia zamu ya kwanza. Neno la mdomo korido halitamsaidia mbele ya baraza la madaktari. Na barua hiyo iwe na nafasi ya daktari kuandika, "Kazi hii sijaifanya tangu mwaka fulani."

Karani wa Tudor

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Dada wa Likoni, nimeyasoma maneno yako mbele ya kamati leo asubuhi bila kutaja mahali, na chumba kilinyamaza. Nimeandika rasimu mpya, nami naomba mniambie palipo na kasoro:

"Wagonjwa wa mapafu wakizidi uwezo wa wodi, madaktari wa upasuaji watagawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza litabaki na thieta, dharura na ukaguzi wa kila wiki wa orodha ya wanaosubiri. Kundi la pili litaingia wodini kwa barua rasmi, likifanya kazi chini ya daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au wa nusukaputi, kuanzia na kikosi cha kugeuza wagonjwa, uwekaji wa mirija na mawasiliano na familia. Hakuna atakayeingia kabla ya mafunzo ya siku mbili ya oksijeni, mavazi ya kujikinga na dawa."

Sista wa Zamu ya Usiku

Imekaa vizuri. Ongeza maneno mawili matatu: mafunzo hayo yaongozwe na wauguzi wa wodi, na muuguzi awe na ruhusa ya kumsimamisha daktari yeyote mlangoni asipokuwa amevaa sawasawa. Isipoandikwa, muuguzi kijana hatathubutu.

Daktari wa Mifupa

Nakubaliana na Sista kwa kila neno. Langu ni moja: mafunzo ya siku mbili yasingoje janga lianze. Janga likianza, wa kufundisha ndio wale wale watakaokuwa wamezidiwa. Kikosi cha kugeuza wagonjwa kinaweza kufanya zoezi hata sasa, kwa kumtumia mmoja wetu kama mgonjwa, na mipira ya kuigiza ifungwe shingoni na mkononi ili tuone ni upi utakaochomoka. Ndugu karani, mimi huwa kliniki kila Jumatano hadi saa nane mchana. Baada ya hapo nafasi ninayo, na naweza kuja na wahudumu wawili wa thieta tukaanza na wodi yenu moja, mradi Sista akubali kusimama kichwani mwa kitanda na kutuhesabia.